Barua ya wazi kwa bodi ya redio yetu: msituondolee Jumapili jioni ya kantri

Kwa mwenyekiti wa bodi, kwa meneja, na kwa wazee na akina mama wote mnaokaa kwa kamati ya redio yetu ya jamii hapa upande wa Kericho,

Chamgei. Nawasalimu kwa heshima, juu wengine wenu ni rika ya baba yangu na wengine tumekaa dawati moja shule ya msingi. Mimi ndiye mtangazaji wenu wa Jumapili jioni, yule wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Naandika wazi kwa sababu ile njia ya kimyakimya nimeijaribu imekataa. Nimekuja ofisini mara mbili nikaambiwa meneja ako kwa mkutano, nikatuma meseji, nikapiga simu ikaita mpaka ikakatika. Sitaki kugombana na mtu. Nataka tu mnisikilize kabla mwezi uishe, na jina la stesheni sitalitaja hapa, wenye kujua wanajua.

Jumapili iliyopita nilifika studio saa kumi na mbili na nusu jioni kama kawaida yangu. Nimeweka birika la chai kwa stima, kuangalia ukutani naona karatasi imebandikwa. Inasema kuanzia mwezi ujao Jumapili saa moja hadi saa tatu usiku kutakuwa na kipindi cha mpira kinarushwa kutoka Nairobi, kimelipiwa na watu wa kubeti, na muziki wa kantri "utaendelea" saa kumi alfajiri ukichezwa na kompyuta. Basi. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeuliza wasikilizaji. Miaka tisa nakuja hapo bila mshahara, nauli yangu, mvua yangu, alafu naambiwa na karatasi iko juu ya birika. Hiyo iliniuma, siwezi kuficha.

Lakini ilibidi nikae kwa maiki, watu walikuwa wanangoja.

Wacha niwaeleze hizo saa mbili zinakuwaje, kwa sababu nafikiri wengi wenu mnasikiliza mkiwa nyumbani, na wengine pengine hamsikilizi kabisa. Studio yetu mnaijua, chumba kimoja, trei za mayai ukutani na blanketi kwa mlango. Ile miksa chaneli ya tatu ina mlio mpaka uiguse kidogo kwa pembeni. Mimi ni fundi wa redio, nina kibanda sokoni, kwa hivyo hayo ya kuguseguse nayajua. Niko na simu mbili za kabambe, moja ya kupigiwa na ingine ya meseji, na daftari ya kuandika salamu. Saa moja ikigonga watu wengi ndio wametoka kukamua, maziwa imeingia kwa debe, ugali iko motoni, na soja wa usiku wa kiwanda cha majani chai ndio anaingia zamu na karedio kake kwa mfuko wa koti. Huyo soja ndiye hupiga wa kwanza kila wiki. Hana maneno mengi, anasema "niko kwa geti, niwekee Jim Reeves nikae macho", na mimi namuwekea.

Sasa mtu wa nje anaweza kushangaa kwa nini Jim Reeves, mtu wa Texas aliyekufa mwaka 1964 ndege yake ndogo ikianguka kwa dhoruba karibu na Nashville, anamweka macho soja wa Kericho. Mimi sishangai. Huyo mzee aliimba polepole, kila neno unalisikia. Kuna watu hapa kwetu, mama yangu mmoja wao, Kizungu chao cha kwanza nje ya darasa ni hizo nyimbo. Jim Reeves mwanzoni alikuwa anaimba kwa sauti ya juu kama wenzake, baadaye mwaka 1957 akaanza kusogeza mdomo karibu kabisa na maiki na kuimba kwa sauti ya chini kama anakuambia siri jikoni. Nilipoeleza hiyo hewani mama mmoja akapiga akasema, "Ndio maana! Mimi nilikuwa nadhani anaimbia mimi peke yangu." Nyimbo zenyewe ni za shamba, za ng'ombe, za mama aliyeachwa nyumbani, za mtu ameenda kutafuta kazi mbali na anakumbuka njia ya kanisa. Ni maisha yetu hayo, sijui niseme aje ingine.

Na kuna kitu nataka kamati ijue kama haijui, kwa sababu kwa hiyo karatasi mmeandika kwamba kantri ni "muziki wa kigeni usio na uhusiano na jamii". Nani aliandika hiyo sentensi? Hapa Kericho? Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet, hapo tu mnapopita mkienda Sotik, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba na chepkong, ile ala yetu ya nyuzi. Waliimba juu ya mtu wanamwita Chemirocha. Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Yule wa Mississippi aliyekuwa akifanya kazi ya breki kwa treni kabla awe mwimbaji, wanamwita baba wa kantri, alirekodi mara ya kwanza Bristol, Tennessee, mwaka 1927 na TB ikamuua mwaka 1933 akiwa na miaka 35 tu. Santuri zake zilifika huku na gramafoni za wazungu, watu wetu wakasikia ile sauti yake ya kupanda na kushuka kooni, wakalichukua jina wakalifanya la kwetu, na kwa kufikiria kwao wakasema huyu hawezi kuwa mtu mzima, lazima ni nusu mtu nusu mnyama kama swara. Wakamtungia wimbo wakimwalika aje acheze. Miaka ya juzijuzi watafiti wakarudisha hizo rekodi Kapkatet, wakampata hata mzee mmoja aliyeimba siku hiyo akiwa kijana.

Kwa hivyo tangu zamani hizo nyanya zetu walikuwa tayari wamesikia kantri na wameijibu. Hao walikuwa wasichana wa kwetu. Mimi nilipiga hiyo rekodi hewani mara ya kwanza miaka minne iliyopita na simu zote mbili zikajaa mpaka moja ikazima chaji. Kogo mmoja, yaani nyanya, wa Litein akaimba nayo kwa simu, anajua maneno yote, nikashusha santuri nikamwacha aendelee peke yake. Kigeni gani hiyo?

Ingine ni ya Charley Pride. Alipokufa Desemba 2020 niliamua kipindi chote ni chake. Nikaeleza vile alizaliwa Sledge, Mississippi, familia ya kuchuma pamba, na vile kampuni ya rekodi mwaka 1966 ilituma nyimbo zake za kwanza kwa maredio bila picha, ili watu wasikie sauti kwanza kabla wajue ni mweusi. Mzee mmoja wa Londiani akapiga, mtu wa miaka sabini na kitu, akaniuliza, "Rudia hapo. Unasema mweusi namna gani?" Nikamwambia mweusi kama mimi na wewe mzee. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Nimemsikiliza miaka arobaini nikijua ni mzungu." Nikasikia akiita watoto nyumbani kwake waje wasikie. Hayo mambo, kwamba hata banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliouzwa, kwamba kulikuwa na DeFord Bailey, mweusi wa kupiga kinanda cha mdomo aliyekuwa nyota ya Grand Ole Opry, kile kipindi kikubwa cha kantri cha redio ya Nashville, tangu miaka ya 1920 alafu mwaka 1941 wakamwachisha, hayo nayaelezea wapi tena nikiondolewa? Kompyuta itaweka wimbo, itaweka mwingine. Haitamwambia huyo mzee wa Londiani chochote.

Sasa nifike kwa ile iliyonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa nne, mvua ile kubwa, mama mmoja mjane kutoka juu kule karibu na msitu alituma kaseti na bodaboda. Imefungwa kwa karatasi ya unga. Ameandika hii ilikuwa ya mzee wake, yeye alikuwa anarekodi kantri kutoka redioni miaka ya themanini, na sasa pleya ya nyumbani imekula mkanda, je naweza kuitengeneza na kuicheza, hata wimbo mmoja. Nilikaa nayo kwa kibanda usiku mbili. Skrubu tano ndogo, moja imeshika kutu. Mkanda umekunjika kama majani makavu ya chai na umekatika mahali pawili. Nilinyoosha na ukucha, nikaunga na selotepu nyembamba nimekata na wembe, nikaurudisha kwa ganda lingine, nikazungusha na biki pole pole nikiogopa hata kupumua. Jumapili nikaucheza.

Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri, Skeeter Davis, mlio kidogo lakini unasikika. Ukaisha. Na hapo katikati kabla wimbo wa pili uingie kukatokea sauti ya mwanaume, karibu sana, anasema kwa Kipsigis watoto wafunge mlango, anarekodi. Mlango ukasikika ukifungwa. Alafu Don Williams akaanza.

Mimi sikujua iko hapo! Wakati wa kutengeneza nilijaribu mwanzo tu, niliogopa kuuchosha mkanda. Nikabaki nimeshika maiki sijui niongee ama ninyamaze, nikanyamaza. Wimbo wote ukaisha simu zote mbili zimetulia, na mnajua simu zangu Jumapili hazitulii. Alafu moja ikaita. Ni yeye. Hakulia, wala hakusalimia, alisema tu, "Huyo ndiye yeye. Mlango ni huu wa jikoni." Akasema watoto wake wawili wadogo, ambao sasa ni watu wakubwa na mmoja ako Eldoret, hawakuwa wanakumbuka sauti ya baba yao. Huyo wa Eldoret redio yetu haifiki, kwa hivyo mamake alikuwa amemweka kwa simu ingine karibu na spika asikilize.

Waheshimiwa, mimi siwezi kuwaonyesha hiyo kwa ripoti ya wasikilizaji.

Hata kompyuta yenyewe sikatai. Isieleweke vibaya. Nimeomba mara ngapi tupate moja ya kuhamisha hizi kaseti kabla ziharibike, niko na kartoni mbili nyumbani, watu wameniachia, zingine za wenyewe wamekufa. Mimi nakataa kompyuta ikae kiti yangu na mtu atoke. Na nyinyi zaidi ya watu wote mnajua hiyo maneno. Hapa kwetu mashine za kuchuma majani zilipoingia mashambani, ni redio hii ilifungua laini watu waongee. Nakumbuka mzee mwenyekiti ulikaa hapo kwa maiki ukasema mashine haina mtoto wa kulipia fizi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo nikipandisha sauti yako. Sasa ni sisi.

Kuhusu hawa wa kubeti naomba niseme wazi vile naona. Mwaka huu tu kijana amekuja kwa kibanda yangu kuniuzia redio, Panasonic ya zamani ya kijivu, ina alama ya chuma moto kwa mgongo. Niliijua hiyo redio. Niliitengeneza mimi, ni ya baba yake, mzee hutuma salamu kila mwezi. Kijana ameibeba amefunika na sweta, pesa anataka ya kubeti, alikubali mwenyewe. Nilimpa chai, nikabaki na redio, jioni nikampelekea mzee nikamwambia ilikuwa kwa fundi. Huyo mzee mwezi ujao atafungua redio yake Jumapili saa moja apate nani anamkaribisha? Ni wale wale. Redio ya jamii kisheria si duka ya mtu, inatakiwa iongozwe na watu wa hiyo jamii na pesa ikiingia irudi kwa hiyo jamii, na mimi sioni hapa kinachorudi ni nini.

Najua pesa ni shida, sijifanyi sioni. Bili ya stima ya transmita nimeiona imebandikwa hapo hapo karibu na hiyo karatasi, na najua leseni ya kucheza muziki lazima ilipwe, wenye nyimbo wana haki yao. Jenereta nayo inakunywa petroli kama ng'ombe, Jumapili ya juzi stima ilipotea saa moja na dakika kumi nikatuma kijana wa boda akachukua lita mbili na pesa yangu, na sijaandika hiyo mahali popote. Lakini mmewahi kuuliza wasikilizaji wa kantri kama wanaweza kusaidia? Mimi nimeuliza, hewani, Jumapili hiyo hiyo ya karatasi, sikueleza mambo ya ofisi, niliuliza tu nani anaweza kudhamini saa moja ya kantri kwa mwezi. Mwenye agrovet hapo stendi alijitolea, mama wa posho mill akajitolea, wazee wa ushirika wa maziwa wakasema wataleta maneno kwa mkutano wao, na soja wa geti, huyu na mshahara wake mnaujua ni wa aina gani, alituma shilingi mia mbili kwa simu yangu kabla hata wimbo uishe. Nimeziandika kwa daftari, sijagusa hata moja, nitazileta. Pia kadi za salamu tunaweza kurudisha zile za kununua hapo ofisini, watu wanazipenda, wanaandika majina ishirini kwa kadi moja wakigeuza geuza mpaka pembeni hakuna nafasi.

Na kama ni lazima mpira uingie, mbona usiingie saa tatu usiku nikimaliza? Ama Jumamosi, siku yenyewe ya mechi nyingi? Saa kumi alfajiri wasikilizaji wangu ndio hao wanalala ama wako kwa barabara wakienda kukamua, wachache sana watakuwa na redio mkononi. Mnawaondoa kwa saa wanayoishi mnawapeleka kwa saa wamelala, alafu mwaka ujao mtaandika kwamba kantri haina wasikilizaji. Naona mbele hiyo kitu na ndio inanitia wasiwasi kuliko yote.

Jambo lingine, umri. Meneja alishawahi kuniambia kwa mzaha kwamba wasikilizaji wangu wanaisha mmoja mmoja kwa matangazo ya vifo. Ni kweli tunawasoma, na kila nikisoma jina la mtu aliyekuwa akiniandikia nasimama kidogo. Lakini kuna vijana wawili wanakuja kukaa na mimi Jumapili, msichana wa kidato cha nne na kijana anasomea umeme Kericho mjini, wanajua kushika miksa sasa, msichana amejifunza mwenyewe kupiga gita za kantri kutoka kwa simu na wiki mbili zilizopita aliimba hewani, mwanzo sauti ilitetemeka alafu ikakaa. Mzee wa Londiani akapiga kumuuliza ni wa nyumba gani. Huyo msichana mwezi ujao aje kukaa wapi? Kando ya kompyuta saa kumi usiku?

Nimesikia kikao chenu ni Jumamosi hii. Naomba dakika kumi tu. Nitakuja na daftari ya michango, na nitakuja na wasikilizaji wawili, mmoja ni huyo soja atakuwa ametoka zamu, kwa hivyo mkiweza mtuweke mapema kabla alale. Nikikataliwa ndani tutakaa nje kwa benchi mpaka mmalize, hakuna kelele.

Yule mama wa kaseti ametuma ya pili jana. Iko hapa kwa meza yangu ya kibanda, hii imeandikwa kwa penseli upande wa B, "usifute". Bado sijaifungua. Nimemwambia nitaicheza Jumapili saa moja na nusu, amuweke huyo wa Eldoret kwa simu.

Wenu kwa heshima,
Fundi wa redio sokoni, na mtangazaji wa kantri Jumapili jioni